Kuhusu tembe: naomba kumjibu msomaji wa Area D

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika ukurasa wako wa barua nimjibu msomaji wa Area D ambaye wiki mbili zilizopita aliandika kwamba tembe chache, zile nyumba za Kigogo za fito na udongo zenye paa lililolala, zilizosalia pembezoni mwa Jiji la Dodoma zibomolewe, kwa kuwa zinatutia aibu mbele ya wageni wanaoshuka kwenye treni ya umeme. Barua yangu ni ndefu. Ukibanwa na nafasi, kata pale ninapojieleza mimi, lakini habari za yule mama wa Marekani niachie zilivyo.

Nimezaliwa Mvumi, kwenye tembe, mwaka 1956. Nimefundisha uchoraji wa ufundi miaka 31 katika shule za serikali, nikianza enzi ambazo mwanamke akiingia darasani na tii-skwea, ile rula ya kuchorea yenye umbo la T, wavulana walidhani amekuja kufuta ubao. Sasa ni mstaafu, naishi Nzuguni kwenye nyumba ya tofali za bloku yenye bati la msauzi la rangi ya damu ya mzee. Kwa hiyo siitetei tembe kama mtalii aliyeipiga picha akaondoka. Naijua mpaka harufu yake mvua ya kwanza inapoigusa.

Nianze na mabaya yake, nisije nikaambiwa nayafumbia macho. Tembe ina papasi, wale kupe wa ndani ya nyumba. Mtu wa Mvumi hahitaji kuelezwa homa ya papasi ni kitu gani. Mdogo wangu aliugua mara mbili kabla hajaanza shule. Mlango ni mfupi, hata mwenye nyumba anaingia ameinama kama anayeomba msamaha. Ndani ni giza, moshi hauna pa kutokea, ndama wanalala upande wa pili wa ukuta wa fito na usiku kucha unawasikia wakicheua. Mchwa wanakula nguzo kutoka chini, kimya kimya. Miaka ya sabini, tulipokusanywa vijijini na kuhimizwa kujenga nyumba bora, mama alijenga ya tofali kama wengine na akashukuru kwa madirisha. Ila joto la Novemba lilipopanda alihamishia kitanda kwenye tembe ya zamani nyuma ya nyumba, kila mwaka, mpaka mvua za El Niño za 1997 na 1998 zilipoishusha usiku mmoja. Alipona kwa sababu jioni ile alisikia nguzo ya kati ikilia, akabeba mkeka akaondoka. Aliyekulia kwenye tembe anajua nguzo inaposema basi.

Sasa niingie kwenye jambo lenyewe. Mwaka jana mwanafunzi wangu wa zamani, ambaye yuko masomoni Flagstaff katika jimbo la Arizona, alinitumia ujumbe kwenye WhatsApp: "Shikamoo Mwalimu. Nimeona tembe Marekani." Nikamjibu, "Marahaba. Umekula nini huko?" Picha ikafunguka taratibu, mtandao wetu tunaujua. Ukuta wa mawe, paa lililolala, vyumba vimepandana kama ngazi, vidirisha vidogo vya kuchungulia. Nikasema sawa, majengo ya namna hiyo yapo duniani. Ndipo ikaja picha ya pili, ya dari, imepigwa kutoka ndani. Hapo nikaenda kutafuta miwani. Magogo ya mviringo yamelazwa. Juu ya magogo zimepangwa fito zikigusana. Juu ya fito nyasi na vijiti, juu ya vijiti udongo. Mhariri, kama ile picha isingekuwa na maelezo, ningekutajia na kitongoji.

Jengo hilo linaitwa Hopi House. Liko ukingoni mwa korongo kubwa la mto Colorado, lile linaloitwa Grand Canyon, ambalo kina chake kinapita kilomita moja na nusu. Kutoka Flagstaff ni mwendo unaokaribia wa kutoka hapa kwenda Kondoa. Lilifunguliwa siku ya mwaka mpya, 1905. Na aliyelibuni alikuwa mwanamke, mwalimu wa kuchora. Nilipofika hapo kwenye maelezo, nakiri, chai ilipoa.

Jina lake Mary Colter. Alizaliwa tarehe 4 Aprili 1869 katika mji wa Pittsburgh, akakulia St. Paul, Minnesota, kaskazini kwenye theluji. Kuna kisa cha utotoni mwake kinachosimuliwa sana. Alikuwa amepewa michoro iliyochorwa na Wasioux, wenyeji wa eneo lile. Ndui ikaingia kwa Wasioux, mama yake akaamua kuchoma kila kitu ndani ya nyumba kilichotoka kwao, kwa hofu ya maambukizi. Binti akaificha ile michoro chini ya godoro. Alikaa nayo maisha yake yote. Mimi mama huyo simlaumu hata kidogo, ndui si mafua, lakini namwelewa mtoto. Nami nilificha kitu siku tulipohama: ubao wa bao la bibi, uliokuwa umepasuka, ambao baba alisema haufai hata kuni.

Baba yake alipofariki, Mary alikwenda San Francisco kusomea sanaa na ubunifu, na huku akijifunza katika ofisi ya msanifu majengo ili alipe ada. Akarudi St. Paul akafundisha uchoraji wa mkono na wa ufundi katika shule ya sekondari ya ufundi kwa miaka karibu 15. Miaka 15 ya kusahihisha pembe za wavulana! Najua uzito wake. Mtu anajifunza kuona kosa la nusu milimita kutoka mlangoni, kisha anarudi nyumbani akiwa hawezi kukaa kwenye meza iliyoinama.

Mwaka 1902, wakati wa likizo, alipata kibarua. Kulikuwa na kampuni ya Fred Harvey iliyokuwa ikiendesha migahawa na hoteli kando ya Reli ya Santa Fe, reli iliyovuka jangwa la kusini magharibi kuelekea California. Msomaji apate picha: ni kama kampuni moja ingepewa migahawa na hoteli zote za stesheni kuanzia Dar es Salaam, Morogoro, Dodoma, Tabora hadi Kigoma, na kuambiwa abiria ale vizuri, alale vizuri, akifika aone kitu cha kumfanya arudi. Colter aliitwa mji wa Albuquerque, New Mexico, kupamba ndani ya jengo la kuuzia kazi za mikono za Wahindi Wekundu, pembeni ya hoteli iliyoitwa Alvarado. Kazi ikapendeza. Ndipo wakamwita kwa ajili ya lile jengo la Grand Canyon, na mwaka 1910 akaajiriwa moja kwa moja. Alistaafu 1948, akikaribia miaka 80. Muhuri wa usanifu hakuwa nao. Michoro ya mwisho ilipitia kwa wahandisi na wasanifu wa reli, na hadi leo wapo wanaobishana ni mistari mingapi ilikuwa ya mkono wake. Mimi nimeshawaona hao wabishi, hata kwetu wapo.

Hebu nirudi Hopi House, maana ndipo jibu langu kwa ndugu wa Area D lilipo. Pale ukingoni, hatua chache tu, kampuni ilikuwa inamalizia hoteli kubwa ya magogo, yenye sura ya nyumba za milimani za Ulaya. Ni nzuri, siibezi, lakini ingeweza kusimama Uswisi na hakuna ambaye angeshangaa. Colter yeye alikwenda kutazama kijiji cha Oraibi, cha Wahopi, kabila la wenyeji wa Arizona, ambacho watu wamekaa tangu kabla Mzungu hajafika, akachukua umbo la nyumba zao. Hakuishia kwenye umbo. Mafundi wengi waliolijenga walikuwa Wahopi wenyewe, kwa mawe na miti ya hapo hapo. Yaani hakuwapiga picha wazee halafu akaenda kumpa kazi mkandarasi wa Chicago aigize kwa saruji. Aliyejua kulaza fito ndiye aliyelaza fito, na akalipwa kwa kulaza fito.

Lipo jambo ambalo simfuati, na nisingependa kulificha. Kampuni iliwaweka mafundi wa Kihopi waishi humo humo ndani ya jengo, wafinyange na kusuka mbele ya macho ya watalii, na jioni wacheze ngoma. Mfinyanzi mkubwa Nampeyo, aliyefufua mtindo wa kale wa vyungu vya watu wake, aliletwa pale na familia yake mwaka huo wa 1905. Vyungu vyake leo viko kwenye makumbusho. Lakini duka lilikuwa la kampuni, na bei ilipangwa na kampuni. Sitaki kabisa kuona mabinti wa Kigogo wamepangwa kwenye kona ya hoteli wanapiga ngoma ya muheme kwa posho ya nauli, au mzee na ilimba yake, ile marimba ya vidole, amekalishwa mlangoni kama ua la kwenye kopo. Tukiiga, tuige ujenzi. Biashara ile wabaki nayo.

Majengo yake mengine nitayapitia haraka, isipokuwa mawili. Mwaka 1914 alijenga Hermit's Rest, kituo cha kupumzikia wasafiri mwisho wa barabara ya ukingoni, kwa mawe makubwa yaliyoonekana kama yamekusanywa na mzee mmoja mpweke asiyekuwa na haraka. Alihakikisha pale kwenye jiko kubwa la kuotea moto pana masizi tangu siku ya kwanza. Inasimuliwa kwamba watu wa reli walimtania wakamwambia afute vumbi na kuondoa utando wa buibui, naye akacheka akawaambia hawajui imegharimu kiasi gani kulifanya lionekane zee hivyo. Mwaka huo huo kikafuata kibanda cha kutazamia korongo, kilichoshikamana na mwamba hadi ukiwa mbali hukioni. Mwaka 1922 Phantom Ranch, chini kabisa ya korongo, ambako vifaa vilishushwa kwa migongo ya nyumbu. Jina hilo la Phantom Ranch alilipa yeye.

Moja ambalo siwezi kulipita haraka ni Mnara wa Desert View, uliokamilika 1932. Una futi 70, mita 21 na ushee. Kabla hajaujenga alikodi ndege ndogo akatafuta magofu ya minara ya kale kutoka angani, kisha akaenda kuyachunguza kwa miguu. Akafinyanga mfano wa udongo. Wanafunzi wangu wote watakumbuka nilivyokuwa nawaambia: kama huwezi kuufinyanga, bado hujauelewa. Ndani ya mnara kuna kiunzi cha chuma kilichosimamishwa na watu wa kujenga madaraja ya reli. Nje ni mawe, na alikataa mawe yachongwe. Alitaka yaokotwe yaliyokwisha kupigwa na jua na mvua, uso wao wa asili utazame nje, kwa sababu jiwe lililochongwa lina rangi ya jana. Ufa akautia kwa makusudi, lakini kiunzi cha chuma hakina ufa. Ndani michoro ya ukutani ilifanywa na Fred Kabotie, msanii wa Kihopi, na kuta za juu zikapewa nakala za michoro ya kale ya miambani kutoka Abo, New Mexico. Nami nikawaza Kolo, kule Kondoa. Sisi tuna michoro ya miambani ya Kondoa, iko kwenye orodha ya Urithi wa Dunia tangu 2006, na sijaona ukuta mmoja wa ofisi au hoteli mjini Dodoma ambao fundi wa rangi aliambiwa aende Kolo kwanza.

Angalia pia alivyofanya pale Bright Angel Lodge, mwaka 1935. Kulikuwa na kibanda cha magogo cha miaka ya 1890 kwenye kiwanja, na njia rahisi ilikuwa kukivunja. Alikataa. Alikichora ndani ya ramani mpya, kikawa sehemu ya hoteli, na wageni wanalala humo hadi leo. Kisha kwenye sebule akajenga jiko la kuotea moto ambalo mawe yake yamepangwa kwa tabaka zile zile za korongo: mawe ya mtoni chini kabisa, ya ukingoni juu kabisa, kila jiwe mahali pake kwa zamu yake. Alisaidiwa na Edwin McKee, mtaalamu wa mambo ya asili wa hifadhi, asikosee hata tabaka moja. Unakaa unaota moto, unasoma historia ya ardhi. Mhariri, Taasisi ya Jiolojia makao yake makuu yako hapa hapa Dodoma. Mawe tunayo, vilima vizima vya mawe, wanawake wanayavunja kokoto kwa nyundo kando ya barabara. Sebule zetu tunabandika vigae vyenye picha ya mawe.

Colter hakuwa mtu wa kuhifadhi shida, na hapo ndipo ndugu wa Area D atanishambulia, kwa hiyo nimngoje. Hopi House ina umbo la kale, papasi haina. Mnara una chuma. Hoteli zake zilikuwa na mabafu. Hakuna aliyesema turudishe ndama chumbani. Ninachosema ni kwamba kuna vitu vitatu ndani ya tembe ambavyo vilibuniwa hapa kwa sababu ya hapa, na tumevitupa pamoja na papasi.

Kwanza ni udongo juu ya kichwa. Bati lisilo na kitu chini yake saa nane mchana mwezi wa Novemba, msomaji wa Dodoma anajua. Bati linapokea joto na kukukabidhi papo hapo. Udongo wa unene wa kiganja na zaidi juu ya fito unalipokea polepole. Kabla halijafika ndani jua limeshazama, na usiku wa Juni baridi inapokata, ule ukuta bado una kitu cha mchana. Ndiyo maana mama yangu alihamisha kitanda. Ninayo feni mbili Nzuguni na bili ya umeme, yeye alikuwa na mkeka. Kisha kimo: upepo wa Ugogo hauna mti wa kuuzuia, na nyumba fupi yenye paa lililolala haiupi pa kushika. Nimehesabu mabati yaliyong'oka mtaani kwetu misimu miwili iliyopita, nikafika 17 nikaacha. La tatu ni ua wa ndani, nyumba imezunguka pande zake, watoto na kazi za mikono na nafaka vikiwa katikati bila kuonekana barabarani. Mvua yetu ni ya msimu mmoja na si nyingi, kwa hiyo paa la kulala liliwezekana, na juu yake tulianika uwele na karanga. Pwani mtu angefanya hivyo angelala majini.

Na sasa jambo linalonichekesha, nalo nalisema kwa heshima zote. Vijana wa jiji wanajenga nyumba za kuficha bati, wanaziita kontemporari. Ukipita Iyumbu au Ilazo ni hizo tu. Unapandisha ukuta juu ya kenchi, bati linajificha nyuma yake, na ukitazama kutoka barabarani nyumba ni bapa, ina pembe nne, paa halionekani. Jirani yangu amelipa fundi pesa nyingi sana kwa mtindo huo. Mfereji wa nyuma ya ukuta ukaziba majani mvua ya Januari, maji yakaingia kwenye dari ya jipsamu, jipsamu ikaanguka juu ya televisheni. Nilikwenda kumpa pole. Nikiwa nimesimama sebuleni kwake na ndoo mkononi nilitamani kumwambia: kijana, umelipa mamilioni nyumba yako ifanane na ya bibi yangu, na umesahau tu kuuliza bibi maji aliyatoa wapi. Tembe ina mteremko mdogo, kiasi cha upana wa vidole kwa kila hatua, na kinjia cha mti kinachotoa maji nje ya ukuta. Fundi wa zamani aliupima kwa kumwaga kibuyu cha maji na kutazama yanakokwenda. Sikumwambia. Nilisaidia kuchota.

Hili la aibu nalifahamu kwa karibu. Mwaka 1994 niliombwa na kikundi cha kina mama kuwachorea ramani ya nyumba ya wageni ya vyumba nane. Nikachora ua katikati, kuta nene za tofali za udongo zilizotiwa saruji kidogo, paa la zege jembamba likiwa na udongo juu, mlango wa kawaida wa mtu kupita bila kuinama, madirisha yenye wavu. Nikaipeleka kwenye ofisi moja, ambayo sitaitaja kwa kuwa waliokuwemo wengine ni marehemu. Ikarudi na maandishi ya kalamu nyekundu pembeni: "Hii ni nyumba au zizi?" Kina mama wakajenga banda la bati. Nimeitunza ile ramani. Iko chini ya godoro, na niliposoma kisa cha michoro ya Wasioux nilicheka peke yangu usiku hadi mjukuu akaja kuniuliza kama naumwa.

Sitaki kumpamba Colter kuliko alivyokuwa, na mwisho wake haukuwa wa sherehe. Alikuwa mkali, mafundi walimchoka, alibomoa ukuta uliokwisha kujengwa kwa sababu jiwe moja limekaa vibaya. Kazi aliyoiona ndiyo kubwa kuliko zote ilikuwa hoteli ya La Posada huko Winslow, Arizona, iliyofunguliwa 1930, miezi michache tu baada ya uchumi wa Marekani kuporomoka. Watu wakahamia kwenye magari na ndege, treni zikapungua abiria. La Posada ikafungwa 1957, reli ikaigeuza ofisi. Mwaka huo huo El Navajo, hoteli aliyoijenga katika mji wa Gallup mwaka 1923 na ambayo waganga wa kabila la Wanavajo waliibariki kwa desturi zao wakati wa kuifungua, ikabomolewa. Yeye alikuwa bado hai, mjini Santa Fe. Inasemekana alipopata habari za La Posada alisema kwamba kumbe mtu anaweza kuishi kupita kiasi. Alifariki tarehe 8 Januari 1958, ana miaka 88. Alvarado ya Albuquerque ilivunjwa 1970, pakawa maegesho ya magari. La Posada ilinunuliwa 1997 na watu binafsi waliokataa ibomolewe, leo inapokea wageni tena. Majengo yake manne ya ukingoni mwa korongo, pamoja na Hopi House, yalitangazwa alama za kihistoria za taifa mwaka 1987. Wale waliomtania kuhusu vumbi hakuna anayewajua majina.

Narudi Dodoma. Serikali imehamia, hilo limeshatimia. Mtumba, kwenye Mji wa Serikali, kumejengwa, treni ya umeme inafika tangu 2024, mgeni anatoka Dar es Salaam asubuhi anashuka hapa kabla ya chakula cha mchana. Anashuka anaona nini cha kumwambia kwamba amefika Ugogo? Anaona zabibu kwenye vikapu, asante kwa kina mama wanaoziuza. Mengine yote ni vioo na alumini ambavyo angeviacha Ubungo. Na mjukuu wangu, aliyezaliwa hospitali ya hapa na kusoma shule ya hapa, akitaka kuona tembe ya Kigogo iliyotunzwa vizuri, inabidi nimkatie tiketi ya treni nimpeleke Kijiji cha Makumbusho, Dar es Salaam. Nimefanya hivyo Desemba iliyopita. Mtoto akaniuliza, "Bibi, Wagogo walikuwa wanakaa huku?"

Kwa hiyo msomaji wa Area D, ndugu yangu, simwombi apende tembe. Akitaka zibomolewe zile ambazo hakuna mtu anaishi humo na zinaanguka zenyewe, sina ugomvi, zina nyoka. Ninaloomba ni kwamba kabla greda halijafika, mtu mwenye utepe wa kupimia na karatasi afike kwanza. Ipimwe, ichorwe, kila fito na kila kiungo, na mwenye kujua aulizwe kwa nini hapa pamefungwa hivi. Wanafunzi wa ujenzi wako wengi mjini, na mazoezi kwa vitendo wanatafuta. Nami nitakuja na meza yangu ya kuchorea, sitaki posho, nataka kiti chenye mgongo. Kisha ofisi yoyote ya umma inayojenga ukumbi wa wageni, au soko la kazi za mikono, au hata kituo cha mabasi ya mtaa, ichukue hiyo michoro ijenge jengo moja tu. Moja. Chuma ndani kama inabidi, choo cha kuvuta maji, umeme wa jua, wavu madirishani, dawa ya mchwa chini. Lakini paa lilale, liwe na udongo, ua uwe katikati, mawe ya kuta yatoke kwenye vilima vya hapa bila kuchongwa, na dari ipangwe na mikono inayojua.

Hiyo mikono ndiyo inayonifanya niandike leo na si baada ya Pasaka nyingine. Nimeuliza Mvumi, Handali na Buigiri, na mafundi wa kuezeka tembe ninaoweza kuwahakikishia ni watatu. Mmoja ana miaka 84 na bado anapanda ngazi, ingawa mke wake hapendi. Wa pili macho yamekufa. Nilimwekea fito mapajani akazipapasa akanitengea mbili ambazo zingeoza, na alikuwa sahihi. Wa tatu ndiye kijana, ana 71, na mwanawe amemwambia akishavuna uwele afunge mizigo wahamie Manyoni. Uwele wake nimeuona Jumapili. Umeshaanza kuinamisha vichwa.

Mwalimu mstaafu,
Nzuguni, Dodoma